Damu ya mtoto imetoka nyeupe labo: kwa nini kipimo cha kimeng'enya cha mafuta hakifanyiki hapa Lubumbashi?

#1 YayaWaKampemba
Jambo wote. Mtoto wa dada yangu, wa kiume, miaka sita, analia tumbo tangu akiwa mdogo. Kila mara tunaambiwa minyoo, anapewa dawa, anatulia kidogo, halafu tumbo linarudi. Safari hii lilimshika usiku, akawa anajikunja na kutapika, tukakimbia naye hospitali. Walipomtoa damu, mtu wa labo akatoka na kichupa mkononi kumwita docta waangalie pamoja. Ile sehemu ya juu inayopaswa kuwa ya manjano ilikuwa nyeupe pee, kama maziwa. Trigliseridi, yaani mafuta ya damu, gramu 24 kwa lita.

Docta anasema kongosho imevimba kwa ajili ya mafuta, na huenda mtoto amezaliwa bila kimeng'enya kinachovunja mafuta ya damu. Ili kuhakikisha, kimeng'enya chenyewe kipimwe. Hapa mjini hajui labo inayokipima, sampuli inabidi itoke nje ya nchi. Naomba mnielewesha: labo zimejaa kila kona, kipimo hiki kina ugumu gani? Na ni cha lazima, au mtoto anaweza kutibiwa bila hicho?

#2 Papa_Ruashi
Pole mama. Kabla ya kuwaza mambo ya nje, mpimeni sukari. Mdogo wangu naye damu yake ilitoka nyeupe hivyo hivyo. Kumbe ni kisukari kilichokaa bila dawa, na lutuku juu yake. Walipomtia insulini na pombe akaiacha, damu ikasafika. Hapakuwa na kimeng'enya wala nini. Na huyo mtoto alikuwa amekula nini kabla ya kutolewa damu? Akila sombe (kisamvu) ya karanga saa moja kabla, mnategemea damu itokeje?

#3 Fundi_wa_Labo
Papa_Ruashi, kuhusu sukari uko sawa, ipimwe. Kuhusu sombe, hapana. Chakula cha mafuta huifanya serumu, yale maji ya manjano ya damu, iwe na ukungu kwa saa chache, lakini kwa mtoto mwenye afya hakiwezi kuifikisha gramu 24. Hata hivyo kipimo kirudiwe akiwa hajala usiku kucha.

Yaya, nifanyapo kazi damu za namna hii tunazipata mara chache, na zinatusumbua. Mashine inayosoma kwa mwanga inadanganyika kwa ule weupe. Himoglobini inatoka juu kuliko ilivyo, na sodiamu inaweza kutoka chini wakati mgonjwa hana shida ya sodiamu. Amilasi, kimeng'enya cha kongosho, nayo inaweza kuonekana ya kawaida na huku kongosho inaungua. Kwa hiyo mwambie docta asiamini kila namba ya karatasi ile. Kama wanapima lipasi ya kongosho, waitazame hiyo zaidi.

Halafu kuna kitu mnaweza kufanya leo bila kusafirisha chochote. Mwombe mtu wa labo aache kichupa cha serumu au plazima wima kwenye firigo, nyuzi 4, usiku mzima. Asikitikise, asikigandishe. Asubuhi mkitazame kwenye mwanga wa dirisha. Tabaka la krimu likielea juu na chini yake maji yakiwa safi ya kuona upande wa pili, hapo mafuta ni kilomikroni, yaani mafuta yanayotoka moja kwa moja kwenye chakula. Krimu ikiwepo juu na chini bado kuna ukungu, basi kuna na mafuta mengine yanayotengenezwa na ini. Kukiwa na ukungu tupu bila krimu, ni habari nyingine kabisa. Ni kipimo cha zamani, lakini bado kinasema kitu.

#4 MamaMapacha_Katuba
Pole sana yaya. Kwetu Katuba kulikuwaka mutoto ya jirani, naye damu ilitokaka nyeupe. Bazee ba ile nyumba balisema ni sumu, balimupelekaka kwa nganga, balimunywesha mizizi. Tumbo haikuisha. Mutoto alikufaka. Mi sisemi ni sumu, minauliza tu banaojua: sumu inaweza geuza damu hivi?

#5 Docta_Kijana
Mama wa Katuba, pole kwa mtoto wa jirani. Sumu za kuwekewa kwenye chakula hazifanyi damu iwe nyeupe. Zipo dawa za hospitali zinazopandisha trigliseridi: zile za jamii ya kotizoni, baadhi ya dawa za zamani za VVU zenye ritonavir, vidonge vyenye estrojeni. Yaya, mtoto anakunywa dawa yoyote ya kila siku?

Sasa swali lako la ugumu. Kimeng'enya anachokisema docta wenu kinaitwa lipoprotini lipasi. Kinatengenezwa kwenye misuli na kwenye mafuta ya mwili, lakini kazi yake kinaifanya kikiwa kimeshikizwa kwenye kuta za mishipa midogo kabisa ya damu. Kwenye damu inayotembea kipo kidogo mno. Ukimtoa mtu damu ya kawaida ukaenda kukitafuta, hukipati, awe mzima awe mgonjwa. Ndiyo maana kabla ya kupima mgonjwa anachomwa heparini kwenye mshipa, uniti 60 hivi kwa kila kilo ya uzito (wengine hutumia 100), kimeng'enya kinaachia ukuta na kuingia kwenye damu, na dakika 10 au 15 baadaye anatolewa damu. Kichupa kinakaa kwenye barafu papo hapo, kinazungushwa kwenye mashine yenye baridi, plazima inatengwa na kugandishwa nyuzi 70 au 80 chini ya sifuri. Ikipata joto njiani, kimeng'enya kinakufa, na majibu yatasema mtoto hana kitu wakati kilikuwepo.

Kwa hiyo ugumu wa kwanza uko kitandani kwa mgonjwa na kwenye firigo, kabla hata ya kufika kwa mashine.

#6 Kamalondo83
Nawafuatilia. Ila gramu 24 msimtishe mama wa watu. Jamaa yangu yuko Ubelgiji, karatasi yake iliandika 24 na hata kulazwa hakulazwa.

#7 Biokemia_Bukavu
Salamu kutoka Bukavu. Kamalondo83, tazama kipimio kwenye hiyo karatasi ya jamaa yako. Yaya ameandika gramu kwa lita. Gramu 24 kwa lita ni miligramu 2,400 kwa desilita, na kwa milimoli inakuwa 27 kwa lita. Kongosho inaanza kuwa hatarini trigliseridi zikipita milimoli 10, yaani karibu miligramu 885. Mtoto huyu amepita mara mbili na zaidi. Kutishika kupo mahali pake.

Namwongezea Docta_Kijana. Heparini haitoi kimeng'enya kimoja tu, inatoa na lipasi ya ini, nayo inavunja mafuta yale yale. Ukipima jumla yao, lipasi ya ini inaweza kukuficha kwamba nyingine haipo. Mabingwa wa labo wanazitenganisha kwa chumvi: kwenye chumvi ya moli 1 kwa lita lipoprotini lipasi inazimika, ya ini inaendelea. Wengine hutumia kingamwili za kuizima ile ya ini. Halafu wanaweka mafuta yaliyotiwa alama, mara nyingi trioleini yenye mionzi kidogo, na kupima asidi za mafuta zilizoachiliwa. Inatakiwa labo yenye kibali cha mionzi, watu wa kuifanya kila wakati kwa namna ile ile, na damu ya watu wazima wa afya ya kulinganishia. Hata Ulaya labo za hivyo ni chache.

Jambo lenyewe si jipya. Paul Hahn aliona mwaka 1943 kwamba mbwa waliolishwa mafuta damu yao inasafika wakichomwa heparini. Mwaka 1960 Havel na Gordon wakaonyesha kwamba ndugu wa familia moja wenye damu nyeupe walikosa hicho kimeng'enya. Na miaka yote hii kipimo bado kinataka heparini, barafu na mkono uliozoea.

#8 YayaWaKampemba
Asanteni. Nimesoma yote. Sukari imepimwa hajala, iko sawa. Dawa za kila siku hana. Leo asubuhi mtu wa labo alitukaribisha kuona kichupa: krimu nzito juu kama unene wa kidole, chini maji safi, nilisoma saa ya ukutani kupitia kile kichupa. Umeme ulikatika usiku lakini anasema firigo haikufunguliwa.

Mtoto sasa amepoa kidogo. Wamemkataza kula, anaishi kwa maji ya dripu ya mshipani.

#9 Fundi_wa_Labo
Krimu juu, maji safi chini, miaka sita, sukari sawa. Hiyo ndiyo Donald Fredrickson na wenzake waliiita aina ya kwanza walipopanga magonjwa ya mafuta ya damu mwaka 1967. Kisukari na pombe za mdogo wake Papa_Ruashi kwa kawaida zinatoa aina ya tano, chini kunabaki ukungu.

#10 Papa_Ruashi
Fundi, umemaliza haraka. Mkojo je? Mwanangu wa tatu alivimba uso na miguu, wakakuta figo zinamwaga protini, na mafuta ya damu yalikuwa juu ajabu. Hakuzaliwa na ugonjwa wa mafuta. Tezi ya shingo nayo inaweza. Mimi si docta lakini nimekaa kwenye mabenchi ya hospitali za mji huu miaka mingi, na nimeona watu wanapewa jina kubwa la ugonjwa wakati kipimo cha mkojo hakijafanyika.

#11 Docta_Kijana
Papa, hapo nakuunga mkono bila shaka. Mkojo na tezi vipimwe, ni rahisi na vinafanyika hapa hapa. Ila ugonjwa wa figo unapandisha sana kolesteroli pamoja na trigliseridi, na mtoto huwa amevimba. Yaya, amevimba uso asubuhi?

#12 YayaWaKampemba
Hajavimba. Mkojo hawajapima, nimeuliza, wanasema kesho.

#13 MlimaniGoma
Mimi kesi yangu inafanana na haifanani. Binti ya kaka yangu, ini kubwa na bandama linashikika kwa mkono. Miaka tulikuwa tunasikia malaria, halafu kichocho. Tulipotoka naye kwenda kutibiwa nje, wakamchoma kidole, matone kwenye kadi ngumu ya karatasi, wakaikausha wakaipeleka kwa bahasha. Jibu likarudi kwamba hana lipasi ya asidi, ile iliyo ndani ya seli. Hapakuwa na heparini wala barafu! Kwa nini ninyi hamfanyi kama hivyo?

#14 Kamalondo83
Ndiyo hicho sasa! Kadi inakaushwa, inapanda ndege, mambo yamekwisha. Yaya fuata njia ya Goma.

#15 Biokemia_Bukavu
Polepole. Ni lipasi mbili tofauti. Hiyo ya binti wa Goma iko ndani ya lisosomu, vifuko vya kumeng'enya vilivyo ndani ya seli; chembe nyeupe za damu zinayo, kwa hiyo tone la kidole linatosha. Labo inapima mara mbili, bila kizuizi na ikiwa na kizuizi kinachoitwa Lalistati 2, na tofauti ndiyo kazi ya kimeng'enya chenyewe. Kadi ikaushwe kivulini, isianikwe juani, isikae karibu na jiko. Ugonjwa wake una dawa ya kuchomwa, sebelipasi alfa, iliyokubaliwa Marekani na Ulaya mwaka 2015.

Lakini picha yake ni ini kubwa, kolesteroli mbaya (LDL) juu, ile nzuri (HDL) chini. Hauleti serumu nyeupe ya gramu 24. Mkituma kadi ya mtoto wa Kampemba, mtaambiwa lipasi yake ya asidi ni ya kawaida, na mtakuwa hamjajibu swali lenu.

Matone hayo hayo ya karatasi yanafaa kwa kitu kingine, kusoma jeni. Na hapo ndipo mimi ningeweka pesa. Kuna jeni tano zinazohusika: LPL, yaani ya lipoprotini lipasi yenyewe, na za wasaidizi wake APOC2, APOA5, GPIHBP1 na LMF1. Kadi moja inaziangalia zote.

#16 Docta_Kijana
Hapo sikubaliani na Bukavu, samahani mkubwa. Jeni zitasomwa, halafu mtarudishiwa karatasi inasema "badiliko ambalo maana yake haijulikani". Hilo linawapata sana Waafrika, kwa sababu hazina za jeni zimejaa watu wa asili ya Ulaya. Badiliko linaweza kuwa la kawaida kabisa kando ya mto Luapula na kompyuta haijawahi kuliona. Kipimo cha utendaji hakiulizi umetoka wapi. Mafuta yamevunjwa au hayakuvunjwa.

#17 Biokemia_Bukavu
Na mimi nikuulize, docta: mtoto akikosa APOC2, protini inayokiamsha kimeng'enya, kipimo chako kitasema nini? Kwenye kichupa labo inaongeza serumu ya mtu mzima wa afya ili kukiamsha kimeng'enya. Kitaamka, kitafanya kazi vizuri, mtaandika "kawaida" na mtoto atarudi nyumbani na kongosho yake. Lazima kipimwe mara mbili, kwa serumu ya mtu mwingine na kwa yake mwenyewe. Ni labo ngapi zinafanya hivyo bila kuombwa?

#18 Docta_Kijana
Basi waombwe. Daktari anayetuma aandike. Na wewe hujajibu kuhusu mabadiliko yasiyojulikana.

#19 MamaMapacha_Katuba
Bandugu, munagombana kwa akili mingi lakini mama anauliza mutoto akule nini akitoka lopitali. 🙏

#20 Docta_Kijana
Kweli mama. Mafuta yote ya siku yawe chini ya gramu 20, yaani mafuta ya aina yoyote, hata yale yanayosifiwa. Kijiko kimoja kikubwa cha mawese kina gramu 13 au 14. Karanga, karibu nusu ya uzito wake ni mafuta. Kwa hiyo sombe yetu ya karanga na mawese ikiingia, siku imekwisha. Bukari (ugali) yenyewe haina neno, maharagwe ya kuchemsha, lengalenga (mchicha) ya maji na chumvi, samaki asiye na mafuta aliyechemshwa. Vidonge vya fenofibrati msivitegemee: vinasaidia wengine, ila kama kimeng'enya hakipo havina cha kusukuma.

#21 Kamalondo83
Mafuta ya nazi watumie. Nimesoma kwamba hayapiti kwenye damu kama mengine.

#22 Biokemia_Bukavu
Umesoma juu ya mafuta ya MCT, yenye asidi za urefu wa kati, za kaboni 8 na 10. Hayo yanaingia moja kwa moja kwenye ini bila kuwa kilomikroni, na watoto hawa wanapewa chini ya uangalizi. Mafuta ya nazi karibu nusu yake ni asidi ya lauriki, kaboni 12, na sehemu kubwa inapita njia ile ile ya mafuta mengine. Asinunuliwe nazi badala ya MCT.

#23 Papa_Ruashi
Bukari bila mawese wala karanga kwa mtoto wa Lubumbashi! Kamalondo83 wewe ungedumu mpaka saa ngapi?

#24 Kamalondo83
Papa, mpaka saa sita mchana. Lakini mtoto akianza mapema anazoea, nina shemeji amelea watoto bila chumvi na wanakula vizuri.

#25 Kaskazini_Kasenga
Naingia kwa mara ya kwanza. Yaya, wazazi wa mtoto ni watu wa ukoo mmoja? Kwetu kando ya mto watu wanaoana karibu karibu, na nimesikia magonjwa haya yanapenda hapo.

#26 YayaWaKampemba
Baba na mama wote asili yao ni Kasenga. Bibi anasema kuna uhusiano upande wa mababu, wengine wanakataa. Mwenye kujua alishafariki. Shemeji hataki swali hili liulizwe, anaona tunamtafutia kosa.

#27 Docta_Kijana
Mwambieni shemeji hakuna kosa la mtu. Watu wa mji huu wanaijua vizuri habari ya SS, ugonjwa wa selimundu: baba AS, mama AS, yaani wabebaji, wote wazima, na kila mimba ina nafasi moja katika nne ya kuwa SS. Huu nao unarithiwa hivyo, na unatokea hata kwa wazazi wasio na undugu wowote. Ni nadra, inakadiriwa mtu mmoja kwa milioni, lakini Quebec kule Kanada unaonekana zaidi kwa sababu wengi wametokana na familia chache za mwanzo.

Yaya, kuna ndugu zake?

#28 YayaWaKampemba
Dada yake mdogo, miezi minne, ananyonya. Naye analia sana usiku.

#29 Docta_Kijana
Apimwe trigliseridi kesho, msingoje majibu ya kaka yake. Maziwa ya mama yana mafuta mengi, na wenye ugonjwa huu wengine hujulikana wakiwa bado wananyonya. Msimwachishe kwa hofu, pimeni kwanza. Serumu yake ikiwa safi, ni kilio cha watoto.

#30 Mkunga_Bel_Air
Upande wangu wa uzazi: nilimwona mama wa miezi minane amelazwa na kongosho, damu nyeupe, wote tukasema ugonjwa wa kurithi. Alipojifungua namba zikashuka sana. Mimba peke yake hupandisha trigliseridi, na kwa aliye na udhaifu kidogo inamfikisha pabaya. Hadi leo sijui yule mama alikuwa na jeni gani. Kwa hiyo nami naona lisitolewe jina mapema.

#31 Biokemia_Bukavu
Na kuna lingine halijatajwa. Mwaka 2017 ilielezwa kwamba baadhi ya watu mwili wao unatengeneza kingamwili dhidi ya GPIHBP1, ile inayokishika kimeng'enya ukutani. Jeni zao nzuri, utendaji baada ya heparini uko chini. Kwa hiyo hata docta akikuta namba ndogo, bado hajasema kwamba mtoto alizaliwa nayo. Kwa mtoto aliyeanza kuugua mdogo hivi sidhani, lakini ndiyo maana nasisitiza jeni.

#32 Fundi_wa_Labo
Wakati mkubwa wa Bukavu na docta wanaendelea, kuna njia ya pointi waliyoitoa wataalamu wa Ulaya mwaka 2018, wakiongozwa na Philippe Moulin wa Lyon. Trigliseridi juu ya milimoli 10 mara tatu mfululizo, pointi 5. Kuwahi kupita 20, pointi 1. Kukosa sababu nyingine, 2. Tumbo la kurudia lisiloelezeka, 1. Kongosho, 1. Kuanza kabla ya miaka 10, pointi 3. Zikifika 10 ugonjwa wa kurithi unakuwa na uwezekano mkubwa sana. Mtoto wetu ana moja ya kupita 20, moja ya tumbo, moja ya kongosho, tatu za umri. Zile 5 anazikosa kwa sababu hajarudiwa kupimwa, na zile 2 zinangoja mkojo na tezi. Yote hayo yanafanyika Lubumbashi.

#33 Papa_Ruashi
Mkojo! Nilisema tangu #10.

#34 Kamalondo83
Dawa yenyewe ipo lakini? Nilisikia ya kubadilisha jeni.

#35 Biokemia_Bukavu
Ilikuwepo, Glybera, Ulaya waliikubali 2012 na 2017 ikaondoka sokoni, ghali mno na wagonjwa wachache. Baadaye volanesorseni Ulaya 2019, na olezarseni Marekani mwishoni mwa 2024, zote kwa watu wazima. Hizo zinashusha APOC3, protini inayozuia mafuta ya damu kuvunjwa, hazirudishi kimeng'enya. Kwa mtoto wa miaka sita tiba ni sahani.

#36 YayaWaKampemba
Mkojo hauna protini. Tezi tunangoja. Mtoto mdogo ametolewa damu leo mchana. Docta wetu amesoma uzi huu wote kwenye simu yangu, anasema heparini hatamchoma mpaka kongosho ipone kabisa, na anataka vyote viwili, jeni kwa kadi na plazima iliyogandishwa. Kadi ni rahisi. Plazima ndiyo inanisumbua: kuna anayejua namna ya kuipandisha ndege kwenda Johannesburg bila kuyeyuka?

#37 MtuWaKasumbalesa
Mama, tunashughulika na mizigo ya baridi. Barafu ya kawaida haitoshi, unataka barafu kavu, ile ya dioksidi ya kaboni, inakaa nyuzi 78 chini ya sifuri. Kisanduku kiwe na pa kupumulia: ikiyeyuka inageuka hewa, na kisanduku kilichozibwa kinapasuka. Lebo iandikwe UN1845 kwa barafu na UN3373 kwa sampuli. Abiria anaruhusiwa kilo 2.5 za barafu kavu, tena kampuni ya ndege iwe imekubali mapema, lakini sampuli yenyewe lazima iende kama mzigo wenye karatasi zake, siyo kwenye begi la mtu. Karatasi ya kuingiza sampuli ya binadamu iombwe na labo inayopokea, siyo wewe, na iwe mkononi kabla mtoto hajachomwa sindano. Wengi wanaanza na damu halafu ndiyo wanatafuta karatasi.

#38 Fundi_wa_Labo
Na ugawe plazima kwenye vichupa viwili vitatu, kimoja kibaki hapa kwenye baridi kali. Ndege ikichelewa, msimrudie mtoto kwa heparini nyingine. Nitafute kwa ujumbe, kuna friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri yenye jenereta yake ninayoijua, nitawaulizia nafasi.